Kambi imefungwa, ardhi ipo tu: wenyeji walikataa nini?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni msomaji wa Tanga. Tangu tuanze kusikia habari za bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi hapa kwetu Chongoleani, kijiweni mazungumzo ni mafuta tu. Juzi mwenzetu mmoja akasema kuwa mwaka 2005 Rais George W. Bush wa Marekani alitaka viwanda vya kusafisha mafuta vijengwe kwenye kambi za jeshi zilizofungwa, na wenyeji wakapinga. Tulishangaa. Kambi imefungwa, ardhi ni ya serikali, hakuna wa kuhamishwa, udongo wenyewe jeshi lilishauchafua, na watu wamepoteza ajira. Si bora hapo kuliko kuhamisha wakulima kupisha kiwanda, kama ilivyokuwa Kabaale, Uganda? Walikuwa wanakataa nini hasa? Na wewe uliyefanya kazi kwenye viwanda vya mafuta, ungekubali kukaa jirani na kiwanda cha namna hiyo?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Wasalimie kijiweni. Nitaanza na lile ambalo mmelichukulia kuwa halina ubishi, yaani kwamba ardhi ile ilikuwa tupu, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wote ulipokaa.

Kambi iliyofungwa ni kama shamba la mirathi. Ukipita njiani unaona majani yamepanda, hakuna aliyelima, unasema hapa hapana mwenyewe. Kumbe wenyewe wako ndani, wamekaa kikao cha tatu, wanagawana, na kila mmoja ana karatasi yake mkononi.

Tarehe 27 Aprili 2005 Bush alihutubia mkutano wa wafanyabiashara wadogo mjini Washington. Petroli ilikuwa imevuka dola 2 kwa galoni, wapiga kura wananung'unika. Akawakumbusha kwamba Marekani haijajenga kiwanda kipya cha kusafisha mafuta tangu miaka ya 1970. Wanaojua wanakumbuka kile cha Garyville, Louisiana, kuwa ndicho kikubwa cha mwisho kujengwa kuanzia msingi. Akasema ameziagiza idara za serikali kuu zishirikiane na majimbo kuhimiza ujenzi wa viwanda vipya kwenye maeneo ya jeshi yaliyofungwa. Kwa mtu aliye ofisini na ramani mezani, wazo linapendeza.

Sasa tazama kalenda. Tarehe 13 Mei, wiki mbili tu baadaye, Wizara ya Ulinzi ikatoa orodha mpya ya kambi inazopendekeza zifungwe, kubwa 33. Jiweke kwenye viatu vya meya wa mji mdogo ulio kwenye orodha ile. Mwezi huohuo unaambiwa askari wanaondoka na mishahara yao, maduka yako yatadorora, na huku masikio yako bado yana ile sauti ya rais kuhusu kiwanda cha mafuta. Hakuna aliyekutajia mji wako. Lakini hakuna aliyekwambia si mji wako.

Wamarekani hawakuwa wageni wa jambo hili. Walishafunga kambi kwa awamu mwaka 1988, 1991, 1993 na 1995, na kila awamu iliwafundisha kitu. Utaratibu uliojengeka ni huu: kambi ikitangazwa kufungwa, wilaya na miji inayoizunguka huunda chombo chao cha kupanga matumizi mapya, nacho hutambuliwa rasmi na Wizara ya Ulinzi. Chombo hicho hukaa miaka. Kinaamua banda la ndege liende kwa nani, barabara ipite wapi, nyumba za maofisa ziuzwe au zipangishwe. Sheria ya mwaka 1994 inakilazimu kisikilize hata mashirika yanayohudumia watu wasio na makazi kabla hakijafunga mpango wake. Mimi nimeshasoma mipango ya namna hiyo. Inachosha kama kumbukumbu za kikao cha ushirika, kurasa kwa kurasa za nani alisema nini kuhusu bomba la maji taka, lakini ndimo watu walimoweka matumaini yao. Fort Ord, pwani ya California, ilifungwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata chuo kikuu cha serikali kikafungua milango ndani ya majengo ya askari. Kitu kama kile hakiangushwi na rais kutoka juu. Kuna watu walikesha.

Kwa hiyo rais aliposema viwanda vijengwe kambini, wenyeji wengi, kabla ya kufikiria moshi, waliuliza kwanza: nani kakutuma? Bungeni hoja hiyo ilisikika. Oktoba 2005, baada ya kimbunga Katrina kusimamisha viwanda vya Ghuba ya Mexico na petroli kupita dola 3, Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuharakisha ujenzi wa viwanda vya mafuta kwa kura 212 dhidi ya 210. Ile kura iliachwa wazi muda mrefu kupita kiasi huku wakubwa wa chama wakizunguka kushawishi wabunge wao, na wapinzani wakipiga kelele za "aibu". Juni 2006 ukaja mwingine, uliomtaka rais ateue angalau kambi 3 zilizofungwa kuwa zinazoweza kufaa. Hata walioandika muswada huo walilazimika kuweka humo kwamba Wizara ya Ulinzi iyape uzito mkubwa maoni ya kile chombo cha wenyeji. Miswada yote miwili ilifia Seneti.

Muswada wa 2006 aliuleta Charles Bass, mbunge wa jimbo la New Hampshire. Hapo nilicheka kidogo, kwa sababu New Hampshire ndiko ilikotokea hadithi ambayo mtu yeyote wa fani yetu anapaswa kuijua.

Mwishoni mwa mwaka 1973 dunia ilikuwa kwenye uhaba wa mafuta kutokana na vikwazo vya nchi za Kiarabu. Aristotle Onassis, tajiri wa meli wa Kigiriki, alitaka kujenga kiwanda cha mapipa 400,000 kwa siku kwenye mji mdogo wa Durham, mahali paitwapo Durham Point, kando ya maji ya Great Bay. Gharama dola milioni 600. Meli kubwa zingetia nanga baharini karibu na visiwa vya Isles of Shoals, na mafuta ghafi yangekuja bara kwa bomba. Kabla ya kutangaza, mawakala walikuwa wameshapita shamba kwa shamba wakichukua haki ya kununua ardhi, kimyakimya, bila kutaja kiwanda. Gavana, Meldrim Thomson, alikuwa upande wa Onassis kwa moyo wote. Gazeti kubwa la jimbo pia.

Wenyeji walianza na saini. Wakaunda kikundi, wakaitana majikoni, wakajifunza hesabu za mafuta usiku. Mwakilishi wao kwenye bunge la jimbo alikuwa mama aitwaye Dudley Dudley, jina lake ni hilohilo mara mbili, sijakosea. Machi 1974 mji ulifanya mkutano mkuu wa mwaka, ule wa kila mkazi kuinuka na kupiga kura mwenyewe. Waliokataa 1,254, waliokubali 144. Siku iliyofuata bunge la jimbo likaukataa muswada ambao ungeruhusu serikali ya jimbo kuukanyaga uamuzi wa mji. Onassis akaondoka na michoro yake.

Durham Point haikuwa kambi ya jeshi, najua utaniuliza. Lakini ukisimama ufukweni pale ukatazama ng'ambo ya maji, upande wa mashariki, palikuwa na kambi ya jeshi la anga iitwayo Pease, ya ndege za kurusha mabomu. Mwaka 1991 kambi hiyo ikafungwa, ya kwanza kabisa katika awamu ya 1988. Hapo ndipo maneno ya kijiweni kwenu yangetakiwa kutimia: ardhi ya serikali, ekari zaidi ya 4,000, uwanja wa ndege mkubwa, bandari ya Portsmouth jirani, watu wanalia ajira. Wenyeji wakafanya jingine. Sehemu ya msituni ikawa hifadhi ya wanyamapori. Iliyobaki ikawa uwanja wa ndege wa kiraia na eneo la biashara, na leo wanaofanya kazi humo wanapita 10,000. Kiwanda cha mafuta cha ukubwa wa kati, kikishamaliza kujengwa, kinabaki na watu mia kadhaa. Wakati wa ujenzi utaona maelfu ya mafundi, mama lishe wanauza, nyumba za kupanga zinajaa, kila mtu anasema neema imekuja. Baada ya miaka mitatu minne wachomeleaji wanafunga mabegi. Mitambo ile inajiendesha kwa vali na kompyuta, na zamu ya usiku unaweza kuhesabu vichwa kwa vidole vya mikono na miguu. Hoja ya ajira, kwa hiyo, si ya kupuuza, lakini meya aliyeipiga hesabu vizuri hakuipenda sana.

Nije kwenye hoja yenu ya udongo. "Jeshi lilishauchafua." Ni kweli tupu. Pease yenyewe iliingizwa mwaka 1990 kwenye orodha ya Superfund, orodha ya taifa ya maeneo yaliyochafuka vibaya zaidi. Mafuta ya ndege yalikuwa yamezama ardhini, na viyeyushi vya kusafishia vyuma pia. Ikaonekana imesafishwa. Halafu mwaka 2014 kisima kimoja cha maji ya kunywa, kinaitwa Haven, kikapimwa na kukutwa PFAS, kemikali zisizooza, zilizotokana na povu la kuzimia moto wa ndege. Kisima kikafungwa. Ndani ya eneo lile la biashara kuna vituo vya kulea watoto wadogo, na wazazi wakaanza kuulizia damu za watoto wao zina nini. Jeshi lilikuwa limeondoka miaka 23 nyuma.

Mtu wa kijiweni atasema: basi ndiyo maana, pakichafuka weka kiwanda. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kule Marekani kiwango cha kusafisha ardhi hutegemea itatumika kwa nini baadaye. Ukipanga kujenga shule na nyumba, mchafuaji anatakiwa asafishe hadi mtoto aweze kuchezea udongo. Ukipanga kiwanda kizito, anaruhusiwa kuacha zaidi, azungushe uzio, aandike kwenye hati kwamba kisichimbwe kisima. Na mchafuaji hapa ni serikali yenyewe. Umeona mchezo? Serikali ileile inayodaiwa usafi ndiyo inayopendekeza matumizi yatakayopunguza deni lake. Sisemi Bush aliwaza hivyo. Sidhani hata aliambiwa. Lakini mwanasheria wa mji mdogo angeliona hilo kabla chai haijapoa.

Kuna na la pili, la kiufundi, ambalo mimi binafsi ndilo ningeling'ang'ania. Kiwanda cha mafuta huvuja. Nasema hivi nikiwa nimekipenda kiwanda maisha yangu yote: tangi litatoka jasho, mshono wa bomba utalegea, mtu atasahau vali. Ukikijenga juu ya maji ya ardhini ambayo tayari yana mafuta ya ndege ya jeshi, siku kisima cha jirani kikitoa harufu utamshtaki nani? Kampuni itasema ni ya jeshi, jeshi litasema ni ya kampuni, na wataalamu wa pande zote mbili watalipwa kwa miaka kumi kubishana kuhusu umri wa doa. Ardhi safi ina faida moja kubwa: mchafuaji akichafua, anajulikana.

Halafu usisahau hofu iliyokuwepo siku zile. Tarehe 23 Machi 2005, siku 35 kabla ya hotuba ya Bush, kiwanda cha BP cha Texas City kilikuwa kinawashwa tena baada ya matengenezo. Mnara mmoja ulijazwa kupita kiasi, kipimo cha kina kikadanganya, mafuta mepesi ya moto yakapanda hadi juu na kumwagika kupitia bomba la dharura lililokuwa wazi angani. Yakatandaa chini kama ukungu. Karibu na hapo palikuwa na vibanda vya muda vya ofisi, vimejaa wafanyakazi wa makandarasi ambao hata hawakuhusika na mnara ule. Walikufa watu 15, wakaumia 180. Sisi wa kazi hii tuliipata habari kwa namna yetu: si "kiwanda kimelipuka", bali "walikuwa kwenye vibanda". Kila mtu alijua mahali kwenye kiwanda chake ambapo vibanda kama hivyo vilikuwepo. Sasa mwezi mmoja baadaye unaambiwa mji wako unaweza kupata kiwanda, na wanataka vibali viharakishwe.

Sababu ya mwisho ya wazo kufa ni fupi, na ndiyo inayowaudhi wanasiasa: kampuni za mafuta zenyewe hazikutaka. Mwaka 1981 Marekani ilikuwa na viwanda 324, mwaka 2005 vilibaki 148. Havikufungwa kwa kukosa ardhi. Vingi vilikuwa vidogo, vilivyoishi kwa upendeleo wa sheria za bei za miaka ya 1970, na upendeleo ulipoondolewa vikaanguka. Vikubwa vilivyobaki vikawa vinaongezwa ndani ya uzio wao. Kiwanda kinataka mafuta ghafi yanayofika kwa urahisi, mabomba ya kutolea bidhaa, maji mengi, umeme wa uhakika na soko karibu. Uwanja wa ndege mrefu hausaidii lolote. Kwa kweli unasumbua, maana minara mirefu na miali ya moto havipatani na ndege zinazotua. Chukua Loring, kambi ya ndege za mabomu huko kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, iliyofungwa 1994. Wilaya ile ililia kwelikweli, na kulikuwa hata na bomba la mafuta la jeshi lililotoka bandari ya Searsport, kama maili 200. Lakini ng'ambo ya mpaka, Saint John nchini Kanada, kuna kiwanda kikubwa cha Irving chenye bahari mlangoni, kinalisha sehemu kubwa ya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Nani ataweka mabilioni porini kushindana nacho?

Nimewatetea wenyeji vya kutosha, sasa niwaguse. Mmesema bora kambi kuliko Kabaale, ambako zaidi ya watu 7,000 waliguswa na uhamishaji kupisha kiwanda. Kama chaguo lingekuwa hayo mawili tu, ningekuwa pamoja nanyi bila kusita; mkulima aliyekaa miaka akingoja fidia huku amezuiwa kupanda mazao ya kudumu ameumizwa zaidi ya meya aliyevurugiwa mpango. Na sina hakika kama wote waliopinga walikuwa na sababu nzuri. Durham ni mji wa chuo kikuu. Watu wake walijua kuandika barua, walijua sheria, na waliendelea kujaza matangi ya magari yao kama kawaida. Petroli hiyo ilisafishwa mahali fulani. Mwaka 2012 kiwanda cha Motiva cha Port Arthur, Texas, kilimaliza upanuzi ulioongeza mapipa 325,000 kwa siku, kikafika 600,000. Hicho ni kiwanda kipya kizima, kikubwa kuliko karibu vyote, isipokuwa kimejengwa ndani ya uzio wa zamani na hivyo hakihesabiwi kuwa kipya. Nje ya uzio huo, upande wa magharibi wa mji, kuna mtaa wa watu weusi ambao wameishi na viwanda hivyo vizazi na vizazi. Wao hawakuwa na mkutano wa mji wa kupiga kura 1,254 kwa 144.

Umeuliza kama mimi ningekubali kukaa jirani. Nilikaa, miaka kumi na mmoja, kwenye kiwanda kimoja cha pwani yetu hii, sitakitaja. Nyumba zetu wahandisi zilikuwa upande wa kusini. Aliyezipanga alikuwa anajua kazi: miezi ya kusi upepo ulitutoka sisi kwenda kiwandani, na harufu ya mayai viza ikaenda zake kwa watu wa kijiji cha kaskazini, ambao walikuwa wanakuja getini kulalamika na sisi tunawapa fomu. Kaskazi ikiingia, Novemba hivi, ilikuwa zamu yetu. Mke wangu alianua nguo mapema, akafunga madirisha ya upande ule na kuziba chini ya mlango kwa kanga iliyolowekwa maji, na watoto wakalala kwenye joto hadi Machi. Kijijini hawakuwa na madirisha ya kufunga.